Karatasi ya Deni

Walinizuia siku kumi na tatu
katika chumba cha mwisho, karibu na choo,
sisi wanne tuliojifungua bila pesa,
na mlinzi mlangoni akituhesabu asubuhi na jioni
kana kwamba tungeruka ukuta
na mishono bado mibichi.

Siku ya kumi na nne kaka yangu Bisimwa akauza cherehani yake.
Wakanipa mtoto, wakanipa karatasi.
Mtoto: Cibalonza, kilo nne na gramu mia tatu,
mkono wa kushoto umelegea
kama mkono wa shati lililoanikwa.
Karatasi: dola mia moja themanini na sita,
mihuri miwili, sahihi, kila senti mahali pake.

"Utapona wenyewe," mkunga alisema juu ya mkono.
"Hii usiipoteze," alisema juu ya karatasi.

Sikuipoteza.

Sasa Cibalonza ana miezi kumi na mmoja.
Anajivuta sakafuni kwa kiwiko kimoja,
anakwenda mshazari:
ananilenga mimi, anafika ukutani.

Wakili Nabintu ana ofisi juu ya duka la betri, Nyawera.
Umeme umekatika, anaandika karibu na dirisha.
Njia zipo, anasema.
Kuna parke, lakini parke inataka mtu, si jengo,
na jina la aliyekuvuta mtoto usiku ule
hakuna anayelikumbuka.
Kuna kudai fidia, hospitali ijibu kwa ajili ya watumishi wake;
hapo andaa ada, andaa daktari mwingine wa kutoa ushahidi,
andaa viatu, maana tarehe zitaahirishwa
mpaka huyu aanze shule.
Kuna baraza la waganga wenyewe.
Hao wanaweza kumkemea mwenzao. Kulipa, hapana.

Njia ya nne hakuitaja. Ilikuja nyumbani Kadutu Jumapili,
ndani ya bahasha, mkononi mwa shemasi wetu:
dola mia tatu na maneno "mapenzi ya Mungu",
na mahali pa kuweka kidole gumba.

Mugisho, baba mtoto, aliitazama muda mrefu.
Maji yakimwagika hayazoleki, akasema.
Nikamwambia: sizoi maji.
Nauliza nani aliipiga ndoo teke.
Hajanisemesha tangu siku hiyo,
ila asubuhi nilikuta nauli yangu juu ya meza.

"Tatizo ni dosia," anasema wakili.
Ameandika barua tatu. Wamemjibu mara moja:
paa lilivuja, mvua ya Novemba, faili zimeoza.

Ndipo nikafungua kitenge nikatoa karatasi ya deni,
imekunjwa mara nane, inanuka sambaza ninazouza.
Mstari wa saba:
sindano ya kuongeza uchungu, saa mbili usiku.
Tena saa nne. Tena saa sita. Bei, bei, bei.
Mstari wa kumi na mbili:
daktari wa zamu, ameitwa saa kumi na moja alfajiri,
nyongeza ya usiku, dola ishirini na tano.

Mtoto alitoka saa kumi.

Nabintu ameacha kuandika.
Anasoma kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele.
Mvua iliyoozesha faili
haikugusa daftari la keshia.

"Nani mwingine ameiona hii?"
Hakuna.
"Na wewe, mama, unataka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi.
Nimesema: mazoezi ya mkono yalipwe.
Cherehani ya Bisimwa.
Na siku moja, mbele ya watu,
aliyeandika mstari wa kumi na mbili ausome kwa sauti.

Ameandika yote matatu, hata cherehani.
Hakuniahidi kitu. Nimependa hivyo.

Tunangoja umeme urudi, tupige kopi.
Cibalonza yuko magotini pangu. Bega halinyanyuki,
lakini vidole, ukimpelekea kitu, vinashika.
Nimempa ncha ya karatasi.
Nilipotaka kuichukua, ilibidi nivute.